Pale Wimbo wa Farasi Uliponyamaza

Kuna kundi moja katika simu yangu ambalo halina habari za harusi wala michango. Kazi yetu mle ni moja tu: kuambiana tunasikiliza muziki wa filamu gani. Sisemi nyimbo za waimbaji. Nasema ule muziki usio na maneno, unaopita nyuma ya picha wakati mtu anaagana na mama yake au jeshi linashuka mlimani. Yumo muuguzi wa hospitali ya Nangina ambaye akitoka zamu hutaka fidla tupu, ngoma hataki kuzisikia. Yumo karani wa forodha hapa Busia, mpenzi wa filamu za kutisha, na kila akituma kitu muuguzi humjibu, "Boss, hii yako itanifukuzia wagonjwa." Na yumo dereva wa lori la masafa marefu. Foleni ya mpakani Malaba ikikwama wenzake hulaani, yeye hufurahi, kwa sababu hapo ndipo hupata nafasi ya kusikiliza kitu tangu mwanzo hadi mwisho.

Ni huyo dereva aliyenitumia ujumbe Jumamosi moja mchana, nikiwa jikoni nakata mboga. "Dada, ule wimbo wako wa kuguna guna nadhani nimeupata. Sikiza yote, halafu uniambie."

Nikabonyeza. Ikaanza filimbi moja, nyembamba, na chini yake fidla zikitembea polepole kama mnyama anayechechemea. Nikaweka kisu chini. Harufu ya njugu zinazokaangwa ikanijia puani, na jikoni mwangu siku hiyo hapakuwa na njugu hata moja.

Ngoja nikurudishe nyuma kidogo, ndugu yangu, ujue kwa nini.

Nilikulia kwa nyanya yangu, nje kidogo ya mji wa Malaba, enzi ambazo malori yalipanga mstari kando ya barabara mpaka ukadhani ni mji mwingine uliojengwa kwa magurudumu. Nyanya, ambaye sisi wajukuu tulimwita Tata kama Wateso wote, alikaanga njugu. Asubuhi tulizichambua, tukaziosha kwa maji ya chumvi na kuzianika. Mchana tulibeba jiko, sufuria na mchanga wa kukaangia hadi banda la video, naye akaketi kwenye kivuli cha ukuta wa nyuma. Watu walinunua njugu wakiingia, wakanunua tena wakitoka. Yeye mwenyewe hakuwahi kuingia ndani. "Macho yangu yameona vya kutosha," alikuwa akisema. "Masikio ndiyo bado yana njaa."

Banda lilikuwa la mabati matupu, na jua likiwaka mabati yaliunguza sikio. Mwenyewe alikuwa mtu wa ng'ambo, upande wa Uganda, na kazi yake ilikuwa kutafsiri filamu papo hapo, kipaza sauti mkononi, Kiswahili na Kiganda vikiwa katika chungu kimoja. Tulimwita Vijei, kama watafsiri wote wa aina yake wanavyoitwa. Wazungu wa kwenye filamu aliwapa majina ya watu wa sokoni kwetu. Mwovu akitokea, utasikia, "Banange! Mtazameni huyu, kama yule anayepunja watu sukari pale kona!" Watu ndani wakavunjika mbavu, na mwenye duka la kona akawa hapiti njia hiyo.

Lakini kila Vijei alipotaka kusema, aliipunguza sauti ya filamu. Kwa hiyo muziki ulitufikia sisi wa nje vipande vipande, kama nyama katika mchuzi wa matanga: unajua imo, lakini lazima uitafute. Tulisimama kando ya jiko la Tata, masikio kwenye mabati, tukiokota vile vipande. Jioni tulivipeleka kwenye pampu ya maji. Huko watoto tulikuwa na sheria yetu ambayo hakuna mkubwa aliyeitunga: ukija na muziki mpya, unateka maji kwanza. Unaweka mtungi chini, unauimba kwa pua au kwa mluzi, wenzako wanahukumu. Mtoto aliyejaribu kutupitishia wimbo wa kanisani akidai ni wa filamu alirudishwa nyuma ya foleni huku akizomewa. Filamu zenyewe hatukuzijua majina. Tulisema tu Ule wa Meli, Ule wa Mvua, Ule wa Farasi.

Ule wa Farasi ulikuwa mfalme wao wote. Ilikuwa filamu ya mtu anayerudi kwao baada ya vita, akimvuta farasi kiwete. Vijei alipenda kuirudia, kwa sababu wenye malori waliipenda. Mwishoni majina ya waigizaji yalipoanza kupanda kwenye kioo, yeye, akiwa amechoka kupiga kelele, alikuwa akikaa chini na kunywa maji. Hapo tu, siku nzima, muziki ulipita mzima bila mtu kuusemea juu. Filimbi ilitangulia, fidla zikaifuata, kisha vyote vikapanda pamoja, vikapanda, mpaka ukahisi nywele za mikono zinasimama. Njugu zilikuwa zikiungua na Tata hakoroji.

Halafu, pale juu kabisa, kimya. Jenereta inazimwa. Watu wanatoka.

Tulimchukia Vijei kwa hilo. Tulipiga mabati kwa viganja.

"Boss, usizime! Acha iishe!"

"Nyinyi panya wa mabati, ondokeni hapo! Imekwisha!"

"Haijaisha! Umeikata!"

"Imekwisha nawaambia, hamkusikia kimya? Mnataka iendelee mpaka Kampala?"

Na jenereta ilihitaji kupoa kabla ya filamu nyingine, kwa hiyo hakuna aliyemshinda. Sisi tuliamini ni uchoyo wa mafuta. Tata naye aliamini hivyo, akatikisa kichwa na kusema, "Huyu mtu huufunga wimbo mdomo kabla haujasema neno lake."

Sikujua wakati huo kwa nini jambo hilo lilimuuma hivyo. Baadaye alinieleza, tukipura wimbi, kwa sauti ya mtu anayezungumzia hali ya hewa. Babu alikufa akiwa katikati ya kumwambia kitu. Alimwita, akasema, "Ukifika kule, usisahau..." na hapo akaishia. Kufika wapi? Asisahau nini? Tata alilala na maneno hayo miaka yote.

Wimbo wenyewe haukubaki bandani. Nilikuwa nikifagia kanisa kila Jumamosi, na nikifagia nilikuwa naguna Ule wa Farasi. Mwalimu wa kwaya alisimama mlangoni akiwa na kofia mkononi, akaniambia nirudie, kisha nirudie tena. Sijui alidhani nimeutoa wapi. Mwezi haukuisha akawa ameutilia maneno ya Kiteso, kuhusu mtu aliye njiani kwenda kwa Baba yake, na kwaya ikauimba kwa mara ya kwanza kwenye mazishi ya mzee mmoja upande wa Chakol.

Nilikuwapo. Sauti zilipanda, zikapanda, na zilipofika pale juu zikanyamaza, kwa sababu mimi nilimpa mwalimu nilichokuwa nacho tu. Hakuna aliyejua afanye nini. Tulisimama kuzunguka kaburi, mamia ya watu, hata watoto wachanga wakanyamaza. Kisha mwanamume mmoja akainama, akachukua jembe lake, na donge la kwanza la udongo likaanguka. Tangu siku hiyo ikawa ndiyo desturi. Popote kwaya yetu ilipoitwa, hata Kocholia, wimbo uliponyamaza wanaume walishika majembe. Watu walikuja kuamini ni wimbo wa zamani sana, ulioletwa na wamisionari, na kwamba kile kimya kina maana yake katika dini.

Tata peke yake hakuridhika. Siku moja tukitoka mazishini alinishika bega. "Nimeishi na neno moja lililokatika," akasema. "Lingine sitaki kuzikwa nalo. Wewe ndiye uliyeuleta huu wimbo nyumbani. Utafute mwisho wake."

Nilikuwa msichana wa shule ya msingi. Nikasema, "Sawa, Tata," kama mtoto anavyokubali kutumwa chumvi.

Nilitafuta. Banda lilipofungwa na Vijei kurudi kwao, niliwauliza wauza video wa Busia, nikiwagunia wimbo mbele ya wateja wao. Mmoja akaniuliza kama si tangazo la sabuni. Nilipokuwa mtu mzima na simu zikaja, niligunia simu. Nilitazama filamu za vita hadi nikachoka na damu. Farasi walikuwa wengi, viwete walikuwa wachache, na hakuna aliyekuwa wetu. Nilipoingia katika lile kundi, kitu cha kwanza nilichotuma kilikuwa sauti yangu mwenyewe nikiguna, na maelezo kwamba nyanya yangu anazeeka. Muuguzi alikuwa bado hajajiunga nasi. Karani wa forodha akajibu, "Dada, hii ikitoka nje ya nchi lazima ilipiwe ushuru." Walicheka, nikacheka nao. Lakini dereva aliuliza swali moja: "Anaumwa?" Nikamwambia hapana, ila sasa hatembei mbali na mlango.

Basi sasa unaelewa kisu kile na zile mboga. Filimbi ilipita, fidla zikapita, vyote vikapanda kama vilivyokuwa vikipanda nyuma ya mabati, na nikiwa mama wa watu nilijikuta nimebana sikio kwenye simu hadi likauma. Vikafika pale juu. Kimya.

Nilitazama simu. Kimya tu. Nikahisi machozi ya hasira. Kumbe hata huko duniani wimbo huu wanao nusu! Nikaanza kumwandikia dereva, "Asante ndugu, lakini hata wako umekat..."

Muziki ukarudi.

Ulirudi chini sana, fidla moja peke yake, kama mtu anayeita kwa upole nje ya mlango akihofia kumwamsha mtoto. Kisha ya pili. Kisha filimbi ikaingia, na sasa haikuchechemea. Nilisimama pale jikoni sithubutu kuusogeza hata mguu. Vijei hakuwa mchoyo. Hakuukata wimbo hata siku moja. Alisikia kimya, akaamini imekwisha, akazima, kama ambavyo mtu yeyote angezima. Kimya kile ambacho watu wetu walikisimamia makaburini hakikuwa cha jenereta. Kilikuwa cha wimbo. Mtu mmoja, mbali, ambaye hatatujua kamwe, alikiweka pale kwa makusudi, nasi tulikitunza bila kujua.

Kesho yake nilikwenda kwa Tata. Nilimkuta mlangoni, ungo mapajani, akichambua njugu kwa vidole vinavyoona kuliko macho. Sikumweleza chochote. Niliweka simu juu ya kigoda.

Filimbi ilipoanza, vidole vilisimama. Fidla zilipopanda, akafumba macho. Kimya kilipofika, akashusha pumzi, akasema, "Yule yule," na mkono ukarudi kwenye ungo.

Kisha fidla ile moja.

Alinishika kifundo cha mkono. Nguvu zile sikujua bado anazo. Hakuniachia mpaka mwisho kabisa, na mwisho ulipofika, wa kweli, uliotulia kama jani linalotua juu ya maji, aliuachia mkono wangu. Kisha akasema, si kwangu, "Kumbe ulikuwa unapumua tu."

Aliniambia niurudie. Nikaurudia. Halafu akamtuma mtoto wa jirani kwa mwalimu wa kwaya, na ujumbe mfupi: "Mwambie aje achukue nusu yake."

Mwalimu alikuja na fimbo, kofia mkononi kama zamani. Alisikiliza akiwa amesimama. Mwishoni akaiegemeza fimbo ukutani.

"Mama, miaka yote hii nimekuwa nikizika watu na nusu wimbo."

"Wale hawakulalamika," Tata akamjibu. "Mimi ndiye mlalamishi. Keti ujifunze."

Wimbi lilikuwa limevunwa na bado liko uani tulipomzika Tata. Kwaya iliimba, sauti zikapanda, zikafika pale, zikanyamaza. Wanaume wakashika majembe kama desturi ilivyo. Udongo ukaanza kuanguka. Watu wa nyuma, waliodhani mambo yamekwisha, wakaanza kutafuta viatu na watoto wao. Ndipo sauti moja ya mwanamke ikatoka kwenye kwaya, chini sana. Kisha ya pili. Niliona majembe yakisimama hewani. Niliona watu waliokwisha geuka wakirudi taratibu, midomo wazi, kama watu walioitwa majina yao na mtu waliyedhani amekwenda. Hakuna aliyetikisika mpaka mwisho, na hata mwisho ulipopita, jembe lilichelewa kuanguka.

Banda lile sasa ni uwanja wa kuuza matairi. Pampu yetu imesimama na kutu, mkono wake umeng'olewa, na watoto wa siku hizi hawalipii zamu ya maji kwa mluzi, kwani maji huja kwa bodaboda. Vijei sijui yuko wapi. Nikikutana naye nitamwomba radhi kwa zile kelele zetu kwenye mabati, kisha nitamwambia kwamba kusema kweli ilikuwa ikiendelea, tena mpaka mbali kuliko Kampala.

Siku ya mazishi nilikuwa nimerekodi kwaya kwa simu, udongo na kikohozi cha watu na vyote. Wiki iliyofuata nikautuma wimbo huo kwenye kundi. Karani wa forodha hakufanya mzaha. Dereva alituma alama ya mkono ulio kifuani, basi. Muuguzi alichelewa, nadhani alikuwa zamu. Alipotoka aliandika, "Huu sijawahi kuusikia. Ni wa filamu gani?"

Nikamwandikia, "Ni wa Tata."