Mwisho Uliotangulia Mulot

Ungemkuta Cheptoo siku ya kazi, hungemtoa maneno kumi. Jumatatu hadi Jumamosi alikuwa na kikapu mgongoni kwenye shamba la chai karibu na Kericho, akimjibu nyapara "ndiyo" na "bado," basi. Lakini Jumapili mchana, baada ya kanisa, weh! Huyo huyo mnyamavu ndiye aliyekuwa mtunzi, mkubwa wa mazoezi na mke mkorofi katika kikundi cha vichekesho cha Furaha Tele, kikundi cha watu watatu kamili, mmoja wao akiwa mwanamume wa kuvaa gauni.

Mvaa gauni alikuwa Oyoo, fundi wa mitambo kiwandani, mabega mapana, na masharubu aliyokataa katakata kuyanyoa hata kwa ajili ya sanaa. Yeye alicheza mama mkwe. Wa tatu alikuwa Johana, mkulima mdogo wa chai na mzee wa kanisa, mtu wa hasira za karibu. Johana alicheza mume. Kipaji hakuwa nacho, tuseme ukweli, lakini alikuwa na ngoma, na kikundi kisicho na ngoma ni baraza la chifu.

Miaka hiyo ya tisini walikuwa wakidandia pikapu ya maziwa, leo soko hili, kesho ukumbi ule, wakirudi na sauti zimekauka na roho nyeupe. Cheptoo ndiye aliyezihitaji safari hizo zaidi. Mumewe, Kiprono, alikuwa amefariki miaka mitatu nyuma, na tangu hapo watu walimsalimu kwa ile sauti ya matangani, pole pole, kichwa upande. Jumapili peke yake ndiyo watu walimcheka. Alikipenda kicheko kile kuliko chakula, na hakuona haya kusema hivyo.

Basi shida ilianzia Chepseon. Mchezo wao uliitwa "Kuku wa Mama Mkwe." Mama anamtembelea mwanawe, kuku wa pekee wa boma anapotea, mume na mke wanalaumiana hadi wanataka kutupiana sufuria. Mwishoni mama anaaga, na kuku analia ndani ya gauni lake. Oyoo alikuwa amejifunza kulia kama kuku mpaka majogoo ya laini yao, zile nyumba za wafanyakazi, yakawa yanamjibu. Lakini Chepseon, hata kabla hajakaa, mama mmoja alisimama nyuma akapiga kelele, "Kuku iko ndani ya nguo! Mpekueni!" Ukumbi mzima ukaangua kicheko, na mchezo ukafa hapo hapo.

Cheptoo akabadilisha mwisho. Sasa mama mkwe awe amemuuza kuku ili anunue ugoro. Wakaenda Kiptere wiki iliyofuata. Oyoo alipoingia tu, mzee wa mstari wa mbele akamnyooshea kiganja. "Mama, nigawie ugoro kidogo. Najua uko nayo."

Johana aliirudisha ngoma kwenye gunia. Walipofika barabarani ndipo alipolipuka.

"Kuna mtu anatoboa siri. Mama Kibet," alisema, maana wenzake walimwita Cheptoo kwa jina la mtoto wake wa kwanza, "ikitokea tena Jumapili ijayo kule Mulot, mimi nachukua ngoma yangu narudi kwa ng'ombe wangu. Ng'ombe hawajui hadithi."

"Na mimi gauni nampa bibi yangu," Oyoo akasema. "Ingawa halitamtosha. Nimelipanua."

Walicheka, lakini Cheptoo alijua Johana hatanii. Usiku huo alipiga hesabu. Furaha Tele ikifa, angebaki na nini? Kikapu, nyapara, na pole za watu. Akaapa kumshika huyo mtoboaji hata kama ni rafiki. Na lazima awe rafiki, kwa sababu nani mwingine aliyeujua mwisho? Johana hupiga soga na wazee baada ya ibada. Oyoo naye, mpe chai ya maziwa pale kantini atakwambia mpaka namba ya kiatu chake. Mmoja wao. Kikulacho ki nguoni mwako.

Akawatega. Alimvuta Johana kando, akamwambia kwamba safari hii kuku ameliwa na mume, siri, asimwambie hata Oyoo. Akamvuta Oyoo kando, akamwambia kuku ameibwa na jirani, siri, asimwambie hata Johana. Mwisho wa kweli, ambao ulimfurahisha mwenyewe hadi akacheka peke yake kwenye chai, ni kwamba mke ndiye aliyemficha kuku kwenye kikapu cha kuchumia, ili mgeni asichinjiwe. Hapo sasa! Watu wa Mulot wakipiga kelele "mume," ni Johana. Wakisema "jirani," ni Oyoo. Alijiona polisi kamili.

Wiki hiyo alimkabidhi Tecla, mchuuzi wa kabeji anayefika soko la Mulot, kilo mbili za sukari za kumpelekea mama mkwe wake, kama alivyofanya kila mwezi, na maneno mawili matatu ya heshima juu yake. Ndiyo, mama mkwe wake wa kweli alikaa Mulot. Wajukuu walimwita Kogo, yaani nyanya, na Cheptoo akafuata hivyo hivyo. Watoto aliwatuma kwake likizo. Yeye mwenyewe hakuwa amekanyaga lile boma tangu matanga. Alisema ni kazi nyingi. Uongo mtupu. Kogo alikuwa na uso wa Kiprono, macho yale yale na mwanya ule ule, na Cheptoo aliogopa kuuangalia.

Jumapili ikafika. Ukumbi wa kanisa pale Mulot ulijaa, watu wengine wakichungulia madirishani, na mstari wa mbele kabisa alikuwa ameketi Kogo na mkongojo wake. Nyuma ya pazia Cheptoo aliwafichulia wenzake mtego na kuwaambia mwisho wa kweli.

"Umetutega kama panya?" Johana akauliza.

"Mmoja wenu ni panya."

"Mimi nimevaa gauni kwa ajili yako," Oyoo akasema, na kwa kweli aliumia, hata masharubu yalishuka.

Wakatoka. Ngoma ikalia. Johana akaanza kumtafuta kuku chini ya kiti, na kabla hajainuka, Mulot nzima ikajibu kwa sauti moja, pamoja na wale wa madirishani.

"Ni bibi! Bibi ameificha kwa kikapu!"

Cheptoo alisimama pale na kikapu chake mgongoni. Si mume. Si jirani. Ni mwisho ambao, hadi dakika chache zilizopita, hakuna aliyeujua ila yeye. Johana na Oyoo wakageuka wakamtazama.

"Mama Kibet," Johana akanong'ona huku akijifanya bado anatafuta, "panya ni nani?"

"Sikumwambia mtu!" Halafu akakumbuka. "Ila Kogo. Nilimpa Tecla ujumbe tu, Kogo asifikiri mama mkwe wa mchezo ni yeye. Nilimwambia mwenye makosa ni mke. Si kutoboa hiyo, ni adabu!"

Oyoo akakohoa ndani ya kitambaa. "Mama mkwe wangu yuko Kiptere. Mimi nicheze mama mkwe mbele yake bila kumtayarisha? Kwetu ningelaaniwa. Nilimwambia yeye peke yake."

Wote wawili wakamgeukia mzee wa kanisa.

"Wakwe zangu ni wa Chepseon," Johana akasema, akiitazama ngoma. "Nilifikiri ile ni heshima, haihesabiki."

Ukumbi ulikuwa unawaka kwa kicheko. Cheptoo alitaka ardhi impasukie. Kutoka mstari wa mbele Kogo aliinuka, akapanda jukwaani polepole kwa mkongojo, akasimama mbele ya Oyoo aliyekuwa kigodani.

"Toka hapo. Mama mkwe haketi akiwa amepanua miguu namna hiyo."

Watu nusura wazimie. Oyoo akatoka, akakusanya gauni lake na heshima iliyobaki. Kogo akaketi kwenye kigoda, magoti pamoja, akanyoosha mkono akapewa kikombe cha mchezo. Akachungulia ndani.

"Hakuna chai. Kericho yote ile, na hakuna chai."

Johana hakujua la kufanya. Alilokumbuka ni mstari wake, basi akausema, "Mama, umekuja kutafuta nini kwangu?"

"Kuku!" watu wakapiga kelele. "Amekuja kula kuku!"

Kogo akainua mkongojo. "Nyamazeni. Ya kuku niliwaambia mimi mwenyewe, nyumba kwa nyumba, kwa sababu nilitaka mje wote mumwone mke wa mwanangu. Lakini hili hamlijui." Akamgeukia Cheptoo, na Cheptoo akalazimika kuuangalia ule uso. "Nimekuja kwa sababu wewe huji. Tangu tumzike Kiprono, unaniletea sukari kwa mikono ya watu. Sukari nzuri. Nainywa na nani?"

Hakuna aliyecheka. Cheptoo alivua kikapu, akakiweka chini, na hakuwa na mstari, kwa sababu mchezo huu hakuutunga yeye.

"Nitakuja, Kogo."

"Lini?"

"Nitapanga siku..."

"Lini, Cheptoo?"

"Leo," akasema. "Nitalala kwako leo."

Kogo akawageukia watu. "Mmesikia?"

"Tumesikia!" Mulot ikaitikia.

"Kesho akisema ni kazi, nyinyi ni mashahidi," Kogo akasema, akamshika Cheptoo mkono, na Cheptoo akalia pale pale mbele ya watu wote, kwa sauti, bila kujificha.