Pombe Isiyoonjwa

Mukabera wa Nyakiriba alikuwa na mdomo mkali kuliko pombe yake ya mtama, lakini desturi aliishika. Hakumpa mteja kibuyu kabla ya kuonja yeye mwenyewe, watu wote wakiona, wajue hamna sumu. Siku moja tu hakuonja, na siku hiyo ndiyo iliyomponza.

Asubuhi alikuwa ameng'olewa jino, na muuguzi kamkataza pombe. Mchana akaingia Rutagengwa, mfanyabiashara wa Petite Barrière, kile kivuko cha mpakani. Mwaka uliotangulia moyo wake, uliokuwa ukienda mbio ovyo, ulitibiwa Ulaya: madaktari walipitisha waya pajani hadi moyoni, wakachoma humo ndani. Alirudi akijigamba kuwa amepona, hata alipoanza kutweta kwenye vilima. Alipokea kibuyu, akapiga mafunda mawili, akakohoa. Damu ikamlowesha shati.

"Haukuonja!" alifoka, akimnyooshea kidole. "Mama, umeniua!"

"Jino yangu imetoka leo! Angalia, kinywa iko na damu!"

Nani angesikiliza? Zilikuwa siku za vita vya waasi, risasi zikilia upande wa Bugeshi, na kila mtu alitafuta adui wa karibu. Sebagabo, ndugu yake Rutagengwa, alimpokonya Mukabera mwiko wa pombe, akampiga nao kichwani. Wengine wakaokota mawe. Majirani waliokunywa kwake miaka nenda rudi, aibu yao, walimburuta kwa nywele, wakamvunja mkono alipojikinga uso, wakaitia nyumba yake moto. Askari wa doria walipofyatua risasi hewani ndipo wakamwachia.

Mkono uliunga vibaya, vidole vikabaki vimekunjamana. Aliitwa mchawi hadi kanisani. Alijenga kibanda, akapika pombe vilevile, kwa ukaidi, ingawa walionunua ni wapita njia tu.

Rutagengwa alirudishwa Ulaya akipigania pumzi. Huko wakagundua: makovu ya ule uchomaji yalikuwa yameibana mishipa inayorudisha damu moyoni kutoka mapafuni, na damu ilikuwa ikirundikana mapafuni. Wakampasua kifua, wakaipanua ile mishipa kwa kuishonea kiraka kilichokatwa kwenye ngozi laini inayoufunika moyo.

Aliporejea alikwenda moja kwa moja kwa Mukabera, Sebagabo na majirani wakimfuata. Akafungua shati, wakaona mshono.

"Bon, mama, docteur alisema ni ile kuchoma moyo iliniharibu. We haukunipa sumu. Unisamehe."

Mukabera alilia. Alitaka kusamehe, jamani, alitaka kweli. Jina lake lilikuwa linarudi mbele ya watu walewale waliolichafua. Akajaza kibuyu, akakishika kwa mkono wake uliopinda, akampa bila kuonja.

Rutagengwa alikipokea. Akakitazama.

"Onja kwanza, mama," akasema.

Mukabera akakichukua, akanywa yote, akamrudishia kibuyu kitupu.