Aliyelisindikiza Gari Langu

Watu wakisimulia mizimu hupenda iwe usiku, mbwa wanabweka na upepo unavuma. Wangu mimi nilimpakia saa nne asubuhi, Jumamosi, jua linawaka Kicukiro, hapa Kigali. Ukitaka kucheka, cheka sasa umalize, kwa sababu haya yalinikuta mimi mwenyewe, sikusimuliwa na jirani wa shangazi wa mtu.

Ni hivi. Nafanya kazi katika maabara ya hospitali moja Musanze, na nyumbani ni Kimironko, nilikokuwa nikiishi na mama yangu. Mama alishona nguo sokoni miaka mingi, hadi kiharusi kikamlaza upande mmoja. Mchana binamu yangu alikaa naye, lakini usiku hakukubali mtu mwingine amgeuze isipokuwa mimi. Musanze kwenda na kurudi ni kama saa nne barabarani, na basi likichelewa nilimkuta hajala kwa ukaidi wake, ananisubiri. Bila gari la kuaminika ingenibidi nihamie Musanze nimwache. Nilimjua mama yangu. Ningemwacha, asingemaliza mwaka.

Njia zilikuwa mbili. Ya kwanza, gari jipya, dogo, bado linanuka plastiki, ambalo benki ingenikopesha kama mama angeweka dole gumba kwenye hati ya kiwanja chake. Ya pili, gari la mtumba ambalo akiba yangu ingelitosha, halafu Mungu anisaidie na mafundi. Kazini walinishauri hadi kichwa kikaniuma. Mmoja alisema jipya ni usingizi, mwingine akasema usingizi gani huo wa kiwanja cha mama yako kuwa benki.

Jumamosi hiyo nikaenda kwenye yadi moja ya magari ya mtumba. Muuzaji alikuwa kijana mwenye maneno laini kuliko mafuta ya kula. Akanionyesha gari la rangi ya kahawia nyekundu, limeoshwa likaoga. Nikamwambia sinunui gari kwa kulitazama, nalipeleka mlima wa Shyorongi, maana huko ndiko nitakakopita kila siku. Alikuwa na wateja wengine, akabaki na kitambulisho changu akanipa ufunguo.

Kando ya gari alisimama mwanamume wa makamo, sweta ya kijani, kiganja kimelala juu ya boneti kama anavyoshikwa ng'ombe mgongoni. Nikajua ni fundi wa yadi anayetumwa kumlinda mteja asitoroke. Nikamwamkia, akaitikia vizuri. Nilipoketi kwenye usukani, tayari alikuwa kiti cha pili. Jina sikumuuliza. Sisi wa Kigali ndivyo tulivyo, mtu akishakaa kwa adabu zake, kumuuliza wewe ni nani ni kukosa malezi. Hilo ndilo lililokuwa kosa langu.

Tukavuka mji, tukashuka Nyabugogo, tukaanza kupanda. Na yule bwana akaanza kulisifu gari. Si kwangu, kwa gari lenyewe! Wanyarwanda wana majina ya sifa ya ng'ombe, umewahi kuyasikia? Mfugaji humsifu ng'ombe wake uzuri na ushujaa kwa maneno yaliyopangika, na ng'ombe husimama akasikiliza. Yeye aliliita gari Bihogo, jina la ng'ombe mwekundu, akalisifu kwa kona lililoipita pale lori liliposhindwa, kwa mvua lililoishinda, kwa wajawazito liliowafikisha hospitali. Nimesikia maimamu na wanasiasa, lakini mtu anayependa kitu namna ile, kwa sauti ya chini vile, sijamsikia tena. Kila alipolisifu, nami nilibadilisha gia vizuri zaidi.

Polisi wakanisimamisha. Nikashtuka, maana abiria wangu hakuwa amefunga mkanda. Askari akatazama leseni, akainama akatazama viti vyote, akaniambia niendeshe polepole kuna ukungu juu. Basi. Wewe uliyewahi kuendesha Rwanda niambie, askari gani wa barabarani anaona mtu hana mkanda akakuacha uende? Nami nikashukuru bahati yangu nikaendelea.

Karibu na kilele akaacha kusifu. Akanyoosha kidole kwenye dashibodi.

"Angalia huo mshale ya joto, mama. Mlima yote hii, iko imelala tu. Wamekata waya ili usione. Rejeta iko inavuja."

Akanisimamisha pembeni, nikafungua boneti, nikaona kwa macho yangu bomba la rejeta limepakwa gundi mbichi na waya umekatwa ukafichwa. Nikamuuliza kwa nini ananiambia, si atafukuzwa kazi? Akasema Bihogo ni wa kweli, hawezi kuuzwa kwa uongo. Wairekebishe rejeta na waya, ndipo nilichukue. Kisha akaongeza kwamba kama ningekuwa na uwezo wa kununua jipya bila kugusa kiwanja cha mzazi, angeniambia ninunue jipya. Muuzaji gani aliye hai amewahi kukwambia hivyo?

Tuliporudi, nilipozima injini pale yadi, kiti chake kilikuwa kitupu na mlango sikuusikia. Nikamfuata muuzaji na hasira zangu za waya na gundi. Akaniuliza nani kaniambia. Nikasema fundi wako, wa sweta ya kijani, anayeliita gari Bihogo. Yale maneno laini yakamwisha. Alisema niliondoka peke yangu, aliniona, na kwamba mwenye sweta hiyo na jina hilo alikuwa mwenye gari, dereva wa teksi, aliyefia kitandani kwake miezi mitatu nyuma. Rejeta akaweka mpya na waya akauunganisha siku hiyohiyo, kwa gharama yake.

Nililinunua. Ndiyo, nililinunua, maana mtu aliyetoka huko kuja kuniambia ukweli, nisipomwamini yeye nimwamini nani mwingine?

Kisha nikaenda Kacyiru, muuzaji alikonielekeza, kumwona mjane wa yule dereva. Hakushangaa hata kidogo. Alinisikiliza hadi mwisho, akaniuliza kama nilimwambia mumewe arudi. Nikasema hapana.

"Kwetu mtu akikusindikiza, wewe ndiye unamwambia imetosha, rudi," akasema. "Haukumwambia, basi iko bado anatembea na wewe. Mwachilie apumzike, mwanangu."

Nikamwahidi. Na sikufanya. Miaka miwili sikufanya, naona aibu kukueleza. Kila alfajiri nilikiamkia kiti kile kitupu, na Bihogo alipanda Shyorongi bila hata kukohoa, na kila jioni nilimgeuza mama kwa mikono yangu. Ningemfukuzaje? Nilipokutana na mjane sokoni nilijifanya nachagua nyanya.

Siku moja ya masika binamu yangu akanipigia simu adhuhuri, pumzi za mama zimebadilika. Nikaondoka kazini na koti la maabara mwilini. Mvua na ukungu, lori limelala katikati ya barabara, nami nilipita mahali ambapo siwezi kupita, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile nikamsikia analisifu gari, chini kwa chini, kona hadi kona. Nilimkuta mama anapumua. Nikamgeuzia upande wake mzima. Akaniuliza kama nimekula, na kabla ya magharibi alikuwa ameondoka, mkono wake ndani ya wangu.

Baada ya arobaini nilipanda Shyorongi nikasimamisha gari. Nikashuka, nikazunguka, nikamfungulia mlango kama anavyofunguliwa mgeni wa heshima. Nikamwambia, "Mzee, imetosha. Asante. Rudi." Wiki iliyofuata Bihogo aliharibika njiani, moshi unafuka, gari kama la mtu yeyote. Niliketi ukingoni mwa barabara nikawalilia wote wawili, yeye na mama.

Kwa hiyo ukinunua gari la mtumba, fundi akague injini, lakini uliza pia aliyelipenda alikuwa nani. Na mtu akikusindikiza, hai au maiti, mwambie mapema arudi, usimtembeze kwa sababu tu safari yako ni ndefu. Mimi nilimtembeza marehemu miaka miwili, na hadi leo sijui kama amenisamehe.