Mbuzi Niliyemdai Kanisani

Mke wangu hapendi niuseme mkasa huu, na mimi mwenyewe nikiukumbuka uso waniwaka, lakini nitawasimulia nyinyi rafiki zangu, maana waliokuwamo kanisani siku ile wamekwisha kuutangaza Changamwe nzima (na wengine wametia chumvi ambayo wala haikuhitajika).

Pale kwetu Magongo tuna mbuzi wachache uani, hawa wetu wa kienyeji, wafupi wa miguu. Nasema tuna, lakini anayewakatia majani na kuwakamua ni mke wangu. Mimi nikitoka kiwandani nawatupia jicho tu nikienda kuoga. Jumamosi moja alikwenda mazoezi ya kwaya, akaniachia nifunge banda, nikasahau, na nilipokumbuka jike mmoja hayupo, yule wa kahawia mwenye baka jeupe usoni. Mke wangu aliporudi akaniuliza, "Wote wamo?" nami, kwa kuogopa maneno, nikamjibu, "Wote." Neno hilo moja ndilo lililoniponza.

Kesho yake ilikuwa Jumapili ya mavuno. Watu wakapita mbele na mahindi, kuku na madafu, kisha akaja Mama Mbeyu, jirani yetu mjane anayeuza mahamri, akimvuta mbuzi. Wa kahawia. Baka jeupe usoni. Sikungoja, sikuuliza, nikasimama katikati ya watu nikapaza sauti, "Mchungaji, huyo mbuzi ni wangu! Alipotea jana!"

Kwaya ikakatiza wimbo.

"Kazungu, una hakika?" mchungaji akaniuliza.

"Naapa!" (Ndiyo, niliapa, mbele ya madhabahu.)

Mama Mbeyu hakupandisha sauti. "Mwanangu, huyo wako ana pembe za namna gani?"

"Za... za mbuzi tu, mama. Za kawaida."

"Na ndevu anazo?"

"Jike atakuwaje na ndevu?" nikajibu kwa ujuaji wangu, na kanisa likaangua kicheko, kwa sababu kumbe majike wengi wa kienyeji wanazo, na huyo aliyesimama pale alikuwa nazo, ndefu, zampepea.

Ndipo Mama Mbeyu akampa mbuzi kisogo, akamwambia mchungaji, "Mtazame. Pembe ya kulia imepinda kwa ndani. Sikio la kushoto ni fupi, alizaliwa nalo hivyo. Shingoni ana vinyama viwili vyaning'inia kama vipuli, kimoja kimezidi mwenziwe. Na chuchu moja ya kiwele haitoi maziwa." Mchungaji akainama, akapapasa kimoja kimoja, na kila kitu kikawa vile vile alivyosema.

Ningekaa hapo, labda ingekwisha. Lakini nikaendelea kung'ang'ania baka, baka, baka, mpaka mke wangu akatoka kwenye kwaya na joho lake, akaniambia mbele ya wote, "Baba Katana, keti. Mbuzi wetu hana pembe. Tangu azaliwe hana."

Miaka mitatu, jamani! Miaka mitatu mnyama yuko uani kwangu na sijui kama ana pembe au hana. Hilo baka walilirithi wote wawili kwa beberu mmoja wa pale mtaani.

Watu walicheka hadi machozi, ila Mama Mbeyu hakucheka. Alimkabidhi mzee wa kanisa kamba, akajifunga leso yake vizuri, akatoka zake. Baadaye ndipo nikaambiwa kwamba alitakiwa kutoa ushuhuda siku hiyo: mjukuu wake alikuwa amelazwa muda mrefu, akapona, na mbuzi yule ndiyo nadhiri aliyokuwa amemwekea Mungu.

Wetu tulimpata adhuhuri nyuma ya kibanda cha fundi cherehani, akitafuna vitambaa. Sikuweza hata kufurahi.

Jioni tulikwenda kwa Mama Mbeyu, mimi na mke wangu, nikapiga magoti mlangoni. Akatukaribisha, akatutilia chai. "Nimekusamehe, mwanangu, kwa kweli nimekusamehe," akasema. "Lakini yale maneno ya kumshukuru Mungu niliyapanga wiki nzima, na nilipofika nyumbani nikayatafuta, sikuyaona."

Tangu siku hiyo sijasimama tena kanisani kudai kitu, na wala sitasimama, hata mtu akiondoka na viatu vyangu miguuni mwake nikimwona. Mama Mbeyu bado aitikia salamu zangu, na ushuhuda ule hajautoa mpaka leo.