Jina Mukankusi Hakuweza Kuita

Isidore Hakorimana wa Kibabi alikuwa seremala ya misioni. Viti vyake vyote vilichechemea, tukazoea kusikiliza misa kama watu wenye kuwa ndani ya mutumbwi. Lakini mwaka ya 1953 akatuambia eti anajifunza kuandika teatre, michezo ya kuigiza.

Tukacheka. Yeye hakucheka. Bibi yake Mukankusi alikuwa amerudi kwa wazazi wake kule Muheto. Isidore alimufuata, wakamupatia pombe, wakamupatia kiti. Bibi hakumupatia hata neno moja. Sasa Padri alitaka teatre ya Noeli, na watu wa Muheto wangekuja kuangalia. Njo pale Isidore alitia roho yake.

Sababu ya Mukankusi kuondoka, kila mutu aliijua. Mutoto wao wa kwanza alibatizwa Nestor, jina ya baba ya Isidore. Na kwao, mukamwana hataji jina ya baba mukwe hata siku moja. Basi mama akawa na mutoto mwenye hawezi kuita. Alimuita tu "wewe kadogo". Surua ikamubeba. Ku kaburi wote wakamulilia kwa jina yake, shangazi, majirani, hata mimi. Mama akalia bila jina. Kabla ya kuzika, alimuomba Isidore: "Kamuombe baba yako anipe ruhusa, niite mara moja tu." Isidore akaangalia chini. Alimuogopa baba yake kuliko radi.

Padri alikuwa Mubeleji, Kiswahili yake ilitembea na fimbo, lakini teatre aliijua.

"Isidore, mutu wa teatre anataka kitu. Mwengine anamukatalia. Bila hii, iko salamu tu."

Isidore akamuletea ya kwanza. Bwana anaomba bibi arudi, anaomba, anaomba, mpaka karatasi inaisha.

"Na bibi anasema nini?"

"Analia, Padri."

"Kulia haiko kusema. Umemuweka pale kama kiti. Yeye anataka nini?"

Isidore akarudi ku kazi yake. Tulimuona anaranda ubao wenye umekwisha kurandwa, mpaka ukawa mwembamba kama hostia ya komunyo. Halafu akaandika: bibi anasimama ku kaburi, anaita, "Nestor, mwana wangu."

Padri hakutaka wanawake mu teatre. Floribert, mufyatua matofali, akavaa kikwembe acheze bibi, lakini mustashi alikataa kunyoa.

"Mukankusi alikuwa na mustashi?" nikauliza Isidore.

"Niache, kaka. Atasikia maneno, hataangalia mudomo."

Noeli ikafika. Floribert alipotoka, watu wakacheka mpaka wengine wakashikilia ukuta. Halafu akaita ile jina, na kicheko ikakauka. Mbele, Mzee Nestor alikaa ku kiti ya mwana wake, anatikisika kidogo. Kati ya wanawake wa Muheto, Mukankusi akasimama. Isidore akatoka nyuma ya rido, ile pazia ya teatre.

"Umesikia?"

"Nimesikia, Baba Mutoto."

"Basi turudi nyumbani."

"Ruhusa ile ulimupa Floribert. Mimi bado." Akaonyesha kwa kidevu. "Baba yako iko pale. Muombe sasa."

Isidore akamuendea baba yake, akainama, tukafikiri njo sasa.

"Baba," akasema, "kiti iko sawa?"

"Inachechemea," Mzee akajibu.

Mukankusi akafunga mutoto wa jirani yake mugongoni, kumusaidia, akatangulia ku njia ya Muheto.

Kesho yake Isidore alitengeneza miguu ya ile kiti. Njo kiti moja tu yenye haikuchechemea mu kanisa nzima, na Mzee aliikalia mpaka kufa. Tulipokwisha kumuzika, Isidore akapanda Muheto, hata jasho ya koleo hakunawa. Sasa hapakuwa tena mutu wa kuombwa.

Mama mukwe akamupatia kiti. Mukankusi hakuwa pale. Alikuwa ameolewa upande wa Walikale, mu pori, na ana mutoto mwanaume. Jina alichagua mwenyewe. Wanasema anaita ile jina kutoka asubuhi, hata kama mutoto iko pale pale ku miguu yake.