Mipaka Niliyowachorea Mbuzi wa Korbesa

Jedwali langu la takwimu lilikuwa limeandikwa kwenye kipande cha boksi la sabuni. Kitabu nilichojifunzia nilikinunua kwa muuza mitumba hapa Isiolo, na kurasa za mwisho, zile za majedwali, zilikuwa zimeraruliwa. Nilizitafuta kwa simu, nikazinakili kwa kalamu, nikalinganisha kila tarakimu mara tatu. Sijawahi kuingia chuo. Madam, msimamizi wa kikundi chetu cha kugawa nyasi wakati wa kiangazi, hakuniuliza, nami sikumwambia.

Kazi yangu ilikuwa moja. Kikundi kingepeleka nyasi Korbesa kwa lori, na idadi ya marobota ingetegemea wastani wa mbuzi katika kila boma. Hatungeweza kuzunguka maboma yote, kwa hivyo nilichagua thelathini na sita kwa kura, nikaenda kuuliza. Kutokana na majibu hayo nilitakiwa kutoa nambari mbili, ya chini na ya juu, ambazo kati yake tungetarajia kuupata wastani wa kweli wa kijiji kizima. Nikikosea kwa chini, kuna mbuzi wangekosa chakula. Na katika kiangazi kile, mbuzi akishalala kwa njaa hakuinuka tena.

Wastani ulitoka kumi na nane, na mtawanyiko, yaani kadiri majibu yalivyoachana na wastani huo, sita. Nikagawanya sita kwa kipeuo cha pili cha thelathini na sita, nikapata moja. Kisha nikakaa alasiri nzima nikihofia kama nizidishe kwa 1.96 au kwa 2.03 ya jedwali langu la boksi, ingawa zote zilinifikisha pale pale: kumi na sita hadi ishirini. Nilirudia hesabu mara kumi na moja. Mipaka ilikuwa myembamba na safi. Kitabu kilisema kwamba njia hii ikirudiwa mara mia, huunasa ukweli karibu mara tisini na tano. Mtu mwingine angefurahia zile tisini na tano. Mimi niliziwaza zile tano tu.

Siku moja kabla ya kukabidhi ripoti, mjomba wangu alikuja mjini kutoka Korbesa. Boma lake lilikuwa mojawapo ya yale thelathini na sita. Mama alimpa chai, akamuuliza habari za mbuzi.

"Wapo, alhamdulillahi," akasema. Mama akaridhika.

Mimi nikaongeza, "Wale kumi na watano wote bado wazima, mjomba?"

Alinitazama kwanza, kisha akacheka mpaka chai ikamwagikia kikoi. "Kumi na watano gani?"

"Si uliniambia mwenyewe?"

"Ulikuja na karatasi kama mtu wa ng'ambo, unamuuliza mzee idadi ya mali yake mbele ya majirani. Ningefanya nini? Nikunyime jibu, mtoto wa dada yangu? Nilikupa kumi na watano usirudi mikono mitupu."

"Huyu nilimchapa vidole akiwa mdogo," mama akasema, "kwa kuhesabu watoto wa mbuzi zizini kwa sauti. Amesahau."

Sikuwa nimesahau, na hilo ndilo linaloniaibisha mpaka leo. Nilijua kwamba kwetu mifugo haitajwi kwa idadi, isije ikapatwa na balaa. Lakini fomu ilikuwa na kisanduku cha nambari, na mimi kisanduku kikijaa, moyo hutulia.

"Na wale wengine?" nikauliza.

"Wale wengine nao wana adabu zao."

Mtawanyiko wangu mdogo niliojivunia ulikuwa adabu tupu. Kila mzee alikuwa ametaja nambari ndogo, ya kumfaa binti mwenye kalamu, na kwa sababu wote walidanganya kwa upole ule ule, mipaka yangu ilibanana ikaonekana ya kuaminika. Nilikuwa nimeogopa zile mara tano, kumbe hata zile tisini na tano hazikuwa zangu.

Nakiri kwamba nilifikiria kunyamaza. Ripoti ilikuwa nadhifu, na hakuna ambaye angejua. Ndipo nikauliza, kwa sauti ndogo, "Sasa mtu atajuaje?"

"Uliza maji," mjomba akasema. "Ukiniuliza kisimani najaza lile birika la kunyweshea mifugo mara ngapi mbuzi wote wanywe, nitakwambia bila wasiwasi. Birika moja ni mbuzi kumi. Hapo nimehesabu maji, sijahesabu mbuzi."

Asubuhi nilisimama mbele ya meza ya Madam, nikamweleza yote. Alinisikiliza bila kupepesa macho.

"Ulisoma takwimu chuo gani?"

"Sikusoma chuo, Madam. Nilisoma kitabu."

Alitazama kalenda ukutani. Kisha akasema, "Malori yanaondoka Jumatatu. Rudi Korbesa leo."

Nilirudi kwa maboma yale yale, nikauliza habari za birika. Wazee walijibu kwa bashasha, wengine wakinilalamikia hata kamba za ndoo. Nilipozidisha kila jibu kwa kumi, wastani ulipanda hadi thelathini na mmoja, na mtawanyiko ukafika kumi na tano. Mipaka ikawa ishirini na sita hadi thelathini na sita.

"Ile ya kwanza ilikuwa safi," Madam akasema akiishika karatasi. "Hii ni pana kama uwanja wa mpira."

"Ndiyo, Madam."

"Niagize kwa nambari ipi?"

Kitabu hakikuwa na jibu la swali hilo. Nilitamani mtu mwingine, yeyote mwenye cheti, ajibu badala yangu.

"Ya juu," nikasema.

"Una hakika?"

"Hapana."

Aliandika thelathini na sita, akapiga mstari chini yake, akanisukumia karatasi niweke sahihi kando ya yake. Nilisaini, lakini jina langu halikusomeka. Niliomba karatasi nyingine nisaini vizuri zaidi. Alikataa, akainuka na kwenda kumpigia simu mwenye nyasi.