Shamba la Chini la Aum Lhadon

Kwa miaka ishirini na sita, watu wa upande ule wa bonde la Punakha wakigombana hawakukimbilia mahakamani. Walimwendea Mzee Nidup, au Ap Nidup kama walivyomwita kwa heshima. Hakuwa mwanasheria. Shule aliiachia darasa la nne, akauza pilipili na jibini sokoni mpaka akajua kumsoma mtu usoni kabla hajafungua mdomo. Anayeweza kumshusha bei mama muuza jibini wa milimani atashindwaje na ndugu wawili wanaogombea mfereji?

Kwa hiyo chuo kipya cha sheria kilipofunguliwa kule juu kilimani, mwalimu mmoja aitwaye Thukten alishuka kumwalika.

“Ugomvi mwingi wa nchi hii unaishia majikoni kwa watu, Ap,” alisema. “Wanafunzi wetu wakiijua mahakama peke yake, watakuwa wamejua nusu.”

“Na huko juu mnawafundisha nini miaka yote mitano?”

“Kwanza, kusikiliza.”

Ap Nidup alicheka, nusura tambuu imtoke mdomoni. “Miaka mitano? Kwani hawakuzaliwa na masikio?”

“Wamezaliwa nayo. Ndiyo maana kazi ni ngumu.”

Siku ya darasa akapanda amevaa gho yake nzuri, joho la kiume la kufikia magotini, soksi zimevutwa juu. Darasa lilikuwa na vijana kama thelathini. Aliwasimulia ya ng'ombe aliyekula kitalu cha mtawa, na ya mabinti watatu waliogombea sufuria ya mama yao, wakacheka hadi machozi. Akanogewa. Akaona awape iliyo bora kuliko zote.

Ilikuwa talaka ya Gyembo na mkewe Lhadon, Aum Lhadon kama mama anavyoitwa kwa heshima, miaka tisa nyuma. Walikuwa na mashamba mawili: la juu kavu, la mawe, na la chini la mpunga, kando ya kijito. Ndugu wa pande zote mbili walikuwa wamekwisha kubaliana kwamba la chini litakuwa la mwanamke. Lakini aliyemwita Ap Nidup kusuluhisha alikuwa Gyembo, na Gyembo alilitaka hilohilo la chini.

“Nikamgeukia mbele ya watu,” alisimulia. “Nikamwambia, Aum, basi wewe chukua shamba la chini. Akafanya hivi.” Akafunika mdomo kwa kiganja. “Hapana, hapana, msijisumbue.”

Darasa zima lilijua maana yake. Kwetu mtu akipewa kitu hakipokei papo hapo. Hata kikombe cha chai hukataliwa mara ya kwanza, hukataliwa mara ya pili, ndipo kinapokelewa.

“Nikamwambia karani: andika, amekataa. Kabla chai haijapoa, stempu imebandikwa, dole gumba limepigwa!”

Akangoja kicheko. Wawili watatu walicheka, wakaona wako peke yao, wakanyamaza. Msichana mmoja wa mstari wa mbele, Deki Yangdon, akainua mkono.

“Ap, hukumuuliza mara ya pili?”

“Alisema hapana, binti.”

“Lakini ulijua hakumaanisha.”

Ap Nidup alizoea kuuliza, si kuulizwa. “Nilijua,” alisema. “Kazi ni kazi. Angetaka angesema.”

“Angesemaje? Amekwisha kataa mbele ya wageni, aanze kuomba? Angeonekana mlafi.”

“Ndiyo maana ilifaulu!”

Alisema hivyo kwa kujitetea, na maneno yalipotoka aliyasikia jinsi yalivyo.

Deki alimfuata hadi getini. Chuo kilikuwa na ofisi yake, alieleza, ambapo wanafunzi pamoja na walimu wao waliwasaidia watu wasio na wakili. “Ukiandika tu kwamba ulijua hakukataa kweli, tutamsaidia Aum Lhadon kufungua kesi mahakamani. Shamba bado analo Gyembo. Linaweza kurudi.”

“Halafu nani atakaa tena mbele yangu? Kila niliyemsuluhisha atarudi na karatasi yake.”

“Huenda wengine wana haki ya kurudi, Ap.”

“Una mdomo wewe.”

“Nimezaliwa nao.”

Akamwahidi: mpunga ukishavunwa. Aliahidi kama anavyoahidi mnunuzi anayetaka kuondoka kibandani bila kununua, na mwenyewe alijua.

Mpunga ukavunwa. Mwezi huohuo akaitwa kusuluhisha mitaa miwili iliyogombea chemchemi, ugomvi mkubwa kuliko wowote aliowahi kushika. Angejivunjia jina wakati kama ule? Akajiambia, baada ya mwaka mpya. Mwaka mpya ukaja, watu wakashindana kulenga mishale, wakanywa. Deki alituma salamu mara mbili. Mara ya pili Ap Nidup alimwambia mjumbe aseme hakumkuta.

Mwezi wa tatu alipita kando ya kijito akaona mafundi wanachimba msingi. Gyembo alikuwa ameuza. Palikuwa panajengwa nyumba ya wageni.

Siku hiyohiyo alipanda kilimani, akaandika yote kwa mkono wake, akatia sahihi. Mwalimu Thukten aliisoma polepole, Deki amesimama nyuma yake.

“Mnunuzi hakujua lolote,” mwalimu alisema mwishowe. “Alinunua kihalali. Ardhi hatutaipata. Gyembo tunaweza kumshtaki, lakini fedha zote alizinunulia lori, na lori limeanguka korongoni, magurudumu juu.”

“Na ningekuja baada ya mavuno?”

Deki ndiye aliyejibu. “Tungekuwa na kesi, Ap.”

Waliiomba ile karatasi wawasomee wanafunzi wapya kila mwaka. Akakubali. Angewakataliaje?

Kisha akaenda kwa Aum Lhadon. Alimkuta juu ya paa kwa dada yake, anaanika pilipili, akamweleza kila kitu bila kuruka: darasa, ahadi, chemchemi, mjumbe, na karatasi watakayosomewa wanafunzi. Mwanamke hakuacha kuzigeuza pilipili.

“Siku ile,” alisema, “nilikungoja uniulize tena. Nilikungoja mpaka mkavaa viatu.”

“Najua.”

“Ulijua.” Alitupa pilipili iliyooza. “Na hao vijana, watafaidika nayo?”

“Watafaidika sana, Aum. Jina lako wamelificha, usiwe na wasiwasi.”

“Nani kawaambia walifiche? Mimi niliiba nini?” Sasa alimkabili. “Waliandike. Lhadon, binti wa Pem Zam. Na shamba nalo lina jina. Wanaliitaje kwenye karatasi?”

Siku ile ya talaka Ap Nidup alimwambia karani aandike “shamba la chini”, na juzi, kwa mkono wake mwenyewe, aliandika vilevile.

“Silijui,” alisema.

“Tsekhamo,” alisema Lhadon. “Bibi yangu ndiye aliyeliita hivyo. Haya, nenda kaandike.”

Akashuka ngazi, akashika tena njia ya kilimani.